Kufanyia kazi nyumbani Mombasa: jinsi ya kuipanga siku yako

Natunza hesabu za maduka na mikahawa hapa Mombasa, pamoja na wateja wachache wa Nairobi na mmoja aliye London. Kazi yote naifanyia nyumbani, mtaa wa Tudor. Miongozo mingi hukuambia uvae kama unakwenda ofisini, uketi saa mbili asubuhi, uinuke saa kumi na moja jioni. Kwa pwani hii, ratiba hiyo ni ya kujitesa. Tazama kwanza joto, stima na watu wa nyumbani wanavyokwenda, ndipo uichomeke kazi.

Hatua ya 1: Kazi nzito iwe ya asubuhi

Kulinganisha hesabu na taarifa za benki nafanya baada ya swala ya alfajiri hadi saa nne. Januari hadi Machi, saa saba mchana, hata ukijipepea vipi kichwa hakishiki. Muda huo upe kazi nyepesi: kujibu ujumbe, kupanga mafaili. Huhitaji kengele. Huku karibu na ikweta nyakati za swala hazisogei sana mwaka mzima, na adhana utaisikia uwe unaswali au huswali. Mimi mwenyewe adhuhuri naacha meza, alasiri narudi.

Mwenye mteja Uingereza akumbuke kwamba wenzetu hubadilisha saa. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba wako nyuma yetu kwa saa mbili. Miezi mingine, saa tatu. Mikutano ya London naiweka baada ya saa kumi jioni.

Hatua ya 2: Chagua pembe moja

Meza iwe mahali penye upepo, dirisha likiwa ubavuni ili mwanga usikupige machoni wala kwenye skrini. Kompyuta ya kupakata usiilaze kitandani, godoro huziba matundu yake ya hewa. Feni ielekeze kwako, si kwa karatasi.

Hatua ya 3: Jiandae kwa stima kupotea

Hapa usibane shilingi. Kompyuta ina betri yake. Kinachokuangusha ni ruta, kile kifaa cha intaneti ya nyumbani, nayo hula umeme kidogo sana. Geuza adapta yake usome kibandiko: nyingi ni volti 12, nyingine 9. Nunua betri ndogo ya ruta yenye volti hizohizo, na ampea zisizopungua zilizoandikwa pale. Ukikosea volti unaweza kuiunguza ruta. Ichomeke katikati ya adapta na ruta, uiache hapo siku zote ili stima ikikatika usipapase gizani.

Wakati mwingine mtaa mzima huzimika na intaneti ikaenda nayo. Kwa siku hiyo weka bando kwenye simu, la mtandao tofauti na ule wa nyumbani. Tokeni za stima nunua mchana, usingoje mita ianze kulia usiku.

Hatua ya 4: Risiti ipige picha siku hiyohiyo

Risiti za mashine huchapwa kwa joto, na joto hilohilo pamoja na jua huziharibu. Iache kwenye dashibodi ya gari au juu ya friji, baada ya muda unabaki na kikaratasi kisichosomeka. Ukishapiga picha, ipe jina linaloanza na mwaka, kisha mwezi na siku: 2025-03-14-unga-mkahawa. Mafaili yatajipanga yenyewe, na mteja akiuliza huchimbi.

Hatua ya 5: Tarehe ziwe ukutani

PAYE, kodi ya mishahara, ni kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata; VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni tarehe 20. Naziandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, pamoja na tarehe zangu mwenyewe zilizotangulia siku tatu. Kalenda ya simu huifunga kwa kidole ukasahau.

Hatua ya 6: Zungumza na watu wa nyumbani

“Mwanangu, si uko hapo tu? Nishikie huyu mtoto nifike sokoni.”

“Shangazi, nipe hadi saa nne. Nikimaliza nitamchukua, nawe uende bila haraka.”

Taja saa. Ukisema “niko bizi” utaonekana una kiburi, maana machoni pao umekaa tu. Ukitaja saa, itimize. Usipoitimiza, kesho hutasikilizwa.

Hatua ya 7: Ramadhani ina ratiba yake

Kazi nzito ianze baada ya daku na swala ya alfajiri, kabla kiu haijakaza. Alasiri jiko linawaka viazi karai na kaimati, kwa hivyo mkutano wa saa kumi jioni hauna nafasi. Mteja wa London mwambie wiki moja mapema, umsogeze kwenye saa tatu yake ya asubuhi. Kwetu hiyo ni saa tano au saa sita, kulingana na mwezi.