SOMO: Kufufua balbu ya LED iliyozima (soma lote kabla hujauliza)

Wakuu, kila wiki natumiwa picha ya balbu yenye doti jeusi na swali "itapona?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamrushia hii.

1. Chomoa balbu kwenye holda. Ndiyo, wapo wa kuambiwa.

2. Bandua kifuniko cheupe kwa bisibisi bapa.

3. Ondoa chaji ya kapasita kwa rezista, si kwa bisibisi. Umeme wa volti 230 ukishanyooshwa (kugeuzwa uende upande mmoja), kapasita hujaa hadi volti 325 hivi. Usiwashe balbu ikiwa wazi ukishika ubao wa saketi uliomo ndani.

4. Tafuta chipu mbovu kati ya vile vitaa vidogo vya njano kwenye ubao. Kwa kawaida zimeungwa kwa mfuatano, ikikatika moja zote kimya.

5. Badilisha chipu. Hapa ndipo balbu nyingi ninazoletewa zimeharibiwa. Chipu mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kuwa moja ya volti 3, nyingine ya 9, maana ndani ya hiyo ya 9 kuna vipande vitatu. Zipo pia za 6 na 18. Multimeta nyingi haziwezi kuwasha za volti kubwa, kwa hiyo kutowaka si ushahidi kwamba imekufa. Tumia saplai ya kurekebisha volti, weka rezista ya kilo-omu 1 kati ya saplai na chipu, panda taratibu kutoka sifuri mpaka iwake kidogo.

Ubao ni wa alumini, unanyonya joto. Pasi ya kuchomelea peke yake itakutesa. Mimi napindua pasi ya nguo, nalaza ubao juu yake mpaka risasi ya kuchomelea ing'ae, nanyofoa kwa kibano. USIBONYEZE ile sehemu ya njano ya chipu: chini yake kuna nyaya nyembamba kuliko unywele. Chanya na hasi fuata chipu jirani.

6. Paka grisi ya joto nyuma ya ubao, funga.

MASWALI

– Mkuu nimesoma juu juu, naweza kuiruka chipu mbovu kwa kuunga waya?

Kama zipo kumi na kitu, sawa. Zikiwa tatu, acha. Na usome mpaka chini.

– Niko Nkuhungu, Dodoma, balbu imezima, nianzie wapi?

Hatua ya 1.

– Nasoma fizikia UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma). LED inasifiwa haichemki, mbona joto ndilo linaiua?

Swali zuri, dogo. Ile njano ya chipu ni fosfori tu, unga unaobadili rangi ya mwanga. Chini yake kuna galiamu nitraidi inayotoa bluu. Filamu yote ya nitraidi hiyo ni mikrometa chache, na tabaka zinazotoa mwanga ni nanometa chache. Kazi ni kuutoa mwanga nje. Kipeo cha mpindo (kipimo cha inavyopinda mwanga) cha nitraidi hiyo ni 2.4 hivi, kwa hiyo mwanga unaogonga uso kwa pembe inayozidi nyuzi 24 kutoka wima unarudi ndani. Uso laini unaotazama hewa unapitisha asilimia 4 tu; unaonaswa huishia kuwa joto. Ndiyo maana wabunifu hukwaruza uso makusudi na kuweka kioo chini. Wengine hutumia leza kuibandua filamu kutoka kwenye yakuti ilikooteshwa, wakaihamishia kwenye kitako kinachopitisha joto vizuri zaidi. Akasaki, Amano na Nakamura walipata Nobeli ya 2014 kwa hiyo bluu.

– Shukrani mkuu. Nyongeza: kwenye ubao wenye rezista mbili sambamba kando ya IC (kijisaketi kinachodhibiti umeme), nyofoa yenye omu nyingi. Mwanga unapungua kidogo, chipu hazichemki.

Kweli kabisa, ila hakikisha ni sambamba. Nikija dukani kwako nitaomba soda.

– Zangu za duka Sabasaba zinakufa kila mara, nimezifunga ndani ya globu za kioo.

Toa globu.