Kabla Kijana Wako Hajachukua Kitambulisho

Mtoto akimaliza kidato cha nne hapa Kisumu, miezi inayofuata ni ya makaratasi: cheti cha kuzaliwa, matokeo, kisha kitambulisho akitimiza miaka 18. Kila karatasi inapigwa picha na kutumwa WhatsApp. Wezi wa utambulisho hawahitaji zaidi ya hapo.

Anza na saiba, duka la kompyuta na intaneti. Kondele au katikati ya mji, kijana anafungua barua pepe kwenye kompyuta ya watu, anapakua cheti, anachapisha, analipa na kuondoka. Faili imebaki pale, pengine hata akaunti iko wazi kwa atakayekalia kiti hicho. Mfundishe kufuta faili, kuifuta tena kwenye pipa la taka, na kutoka kwenye akaunti kabla hajainuka. Kama alituma picha kwa simu ya mhudumu, aombe ifutwe akiona. Huko si kukosa adabu.

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yanaponiumiza ni pale watoto wanapoyaweka status, namba ya mtihani ikionekana wazi. Kwenye mtandao wa KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo, mwanafunzi huingia kwa namba hiyo na mwaka wa mtihani, na neno la siri limekuwa namba ya cheti cha kuzaliwa au ya KCPE, mtihani wa darasa la nane. Aliye na picha ya matokeo na ya cheti anaweza kumbadilishia kozi aliyoisomea miaka minne. Namba zifunikwe kabla ya kuposti, basi.

Laini ya simu isisajiliwe kwa wakala anayepiga kitambulisho picha kwa simu yake mwenyewe. Wewe mzazi piga *106# leo uone laini zilizo kwa jina lako. Kijana naye afanye hivyo akipata kitambulisho chake. Na yeyote anayeahidi kazi au ufadhili huku akidai selfie umeshika kitambulisho, kateni mawasiliano naye.

Kutumia utambulisho wa mtu kwa hila ni kosa chini ya sheria ya makosa ya mtandao ya 2018: faini hadi shilingi 200,000, kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili. Likitokea, nendeni polisi mchukue namba ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio, na mhifadhi picha za mazungumzo kabla hayajafutwa. Mtoto anayeogopa kukwambia anaweza kupiga 116, simu ya msaada kwa watoto, bila malipo.