Maharage ya kambini: jinsi mfanyabiashara mdogo anavyoweza kushinda zabuni ya serikali

Nilifanya kazi ya ugavi katika halmashauri kwa miaka mingi kabla ya kuanza kuwaandalia wafanyabiashara zabuni hapa Dodoma. Nimekaa pande zote mbili za meza, na nina jambo moja ninalotaka kila mwenye duka, karakana au kikundi alishike: wadogo wengi wanaoshindwa hawashindwi na wakubwa. Wanaangushwa na karatasi iliyopitwa na muda au na bei iliyopangwa kwa haraka, na yote mawili yako mikononi mwao.

Kwanza, jisajili NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa njia ya mtandao, kabla hujaona tangazo lolote. Tangu Oktoba 2023 mfumo huo ndio mlango wa zabuni za serikali Tanzania. Bahasha za kupeleka masijala zimekwisha. Andaa TIN, leseni ya biashara, cheti cha usajili wa biashara kutoka BRELA na uthibitisho wa kulipa kodi kutoka TRA. Chagua kwa makini aina za biashara unazofanya, kwa sababu mfumo unakuruhusu kuomba zile tu zinazolingana nazo. Fundi seremala aliyejisajili kama muuza vifaa vya ofisi atapitwa na zabuni ya madawati akiwa na mbao ndani. Tarehe za mwisho za leseni na cheti cha kodi ziandike ukutani. Nikiwa kwenye kamati ya tathmini niliona bei nzuri zikiachwa kwa sababu leseni iliisha wiki iliyotangulia, na kamati haina ruhusa ya kukuonea huruma.

Kama mko kikundi cha wanawake, vijana, wazee au watu wenye ulemavu, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yenu. Sheria inazitaka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi haya, na huko hamtashindana na kampuni yenye malori ishirini. Fungu hilo lipo, na inaniuma kuona vikundi vyenye uwezo vikiliacha kwa kutojua mlango wa kubisha.

Sasa vyombo vya ulinzi. Watu husikia neno jeshi wakadhani kila kinachonunuliwa ni silaha na siri. Ununuzi wa siri upo na una utaratibu wake, lakini kambi ya JKT, gereza au chuo cha polisi kinakula kila siku. Kinahitaji maharage, unga, kuni au gesi, sabuni, magodoro, matengenezo ya mabomba. Anza na taasisi moja iliyo karibu nawe na bidhaa moja unayoijua mpaka shambani. Soma mpango wa ununuzi wa mwaka wa taasisi hiyo, ujue watahitaji nini na lini, ili tangazo likitoka uwe umeshaongea na wakulima wako.

Bei ndipo ninapowakalisha watu chini kwa muda mrefu. Tuchukue mfano wa tani 5 za maharage. Sokoni kilo ni shilingi 2,500, yaani 12,500,000. Nyaraka zinataka maharage safi, na ukichambua kila kilo 100 unapoteza 3. Ili zibaki tani 5 kamili, ongeza kilo 155, sawa na 387,500. Gari na wapagazi 600,000. Mifuko mipya 50 kwa 1,500 ni 75,000. Hapo uko 13,562,500. Wengi wanaishia hapa, wanaandika 2,900 kwa kilo na kuhesabu faida.

Lakini fedha ya serikali haiji siku unayoshusha mzigo. Kama umekopa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi na ukalipwa baada ya miezi mitatu, riba peke yake ni 1,220,625. Gharama yako halisi imefika 14,783,125, karibu 2,957 kwa kilo. Yule wa 2,900 atashinda zabuni na kupoteza zaidi ya 280,000. Tena malipo yatakatwa kodi ya zuio ya asilimia 2. Hiyo haijapotea, dai cheti chake uipunguze kwenye kodi yako ya mwaka, ila kwa sasa haimo mfukoni. Ndiyo maana nawasihi vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu viombe mapema mkopo usio na riba unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri.

Nyaraka za zabuni zisome zote, kisha uzisome tena ukiwa na kalamu. Wakitaka sampuli, peleka sampuli. Wakitaka hati ya uwakilishi, ile ya kumruhusu mtu asaini kwa niaba yako, iwe imeshuhudiwa na wakili. Kisichoeleweka, uliza kwa maandishi ndani ya mfumo kabla ya muda wa maswali kuisha. Usisubiri saa ya mwisho kutuma. Muda ukifika mfumo unafunga, hata kama umeme ndio ulikatika. Mtu akikuomba chochote ili "akusaidie", kataa na utoe taarifa TAKUKURU.

Ukishindwa, notisi itakuja na sababu. Ukiona haki haikutendeka, lalamika kwanza kwa afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi inayonunua, halafu Mamlaka ya Rufani za Zabuni, ndani ya siku za kazi zilizowekwa. Ni chache, usizilalie.

Ukishinda, usinunue hata gunia kabla mkataba haujasainiwa. Kwa kambi, peleka mapema namba ya gari na majina ya dereva na wapagazi, la sivyo mzigo utashinda getini. Pima uzito mbele ya kamati ya ukaguzi na mapokezi, usiondoke bila hati ya mapokezi yenye saini, kisha wasilisha ankara na risiti ya EFD siku hiyohiyo. Malipo yakikamilika, omba barua ya kuthibitisha kwamba umekamilisha kazi. Zabuni ijayo itauliza uzoefu wako, na barua hiyo ndiyo utakayoambatisha.