Kabla hujajiandikisha matembezi ya hisani ukiwa umepita miaka 60

Daktari akikwambia ufanye mazoezi, unaitikia vizuri, na kesho yake unakaa barazani kama kawaida. Sidhani ni uvivu. Ukishastaafu hakuna anayekungoja popote, na ni vigumu kuamka alfajiri kwa ajili ya presha yako mwenyewe. Matembezi ya hisani yana tarehe, na yana watu waliotoa pesa zao kwa jina lako.

Kwa hivyo anza na michango, viatu baadaye. Iombe mapema, hata kabla mwili haujawa tayari. Chagua jambo linalokugusa: aliyezika dada kwa saratani ya matiti hatahitaji kusukumwa kutembea mwezi wa Oktoba. Waambie jamaa waahidi kwa kilomita, hata shilingi 50. Mpwa akishatia jina lake kwenye karatasi atakuuliza kila mkionana, "Mjomba, umefika ngapi sasa?", na swali hilo litakutoa kitandani. Pesa zenyewe zisipitie simu yako. Ziende moja kwa moja kwenye paybill ya waandalizi, nawe uulize kwanza zitamfikia nani.

Kisha nenda kliniki na mfuko wa dawa zako zote. Ukiuliza tu kama waweza kutembea utaambiwa ndiyo, basi. Uliza kuhusu kila dawa. Baadhi ya dawa za presha hukojoza sana, na kwa joto la Mombasa maji mengine yanatoka kwa jasho. Nyingine hupunguza kasi ya moyo, kwa hivyo kuhesabu mapigo hakukuelezi umechoka kiasi gani. Kipimo kizuri ni mdomo: ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, mwendo ni huo. Anayetumia insulini aulize afanye nini sukari ikishuka njiani, na awe na glukosi mfukoni. Kifua kikibana, simama na uite msaada, hata kama mstari wa mwisho unauona.

Viatu vya mtumba vya soko la Kongowea si vibaya, mradi uvikague. Kunja raba katikati, bonyeza soli kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama ubao au inatoa vipande, imekaa ghalani miaka, na gundi itaachia ukiwa njiani. Nunua jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, ubakishe nafasi ya kidole gumba mbele ya vidole. Ndara ziache nyumbani. Mwenye kisukari atazame nyayo zake kila jioni, ikibidi kwa kioo, maana lengelenge anaweza asilisikie kabisa.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Usizianze zote. Dakika 10 kwa siku zinatosha mwanzo, uongeze kidogo kila wiki, na siku moja ya wiki uende mbali zaidi. Ukimaliza swala ya alfajiri shuka Mama Ngina, bustani ya kando ya bahari mjini Mombasa. Pale ni tambarare, upepo wa bahari upo, mabenchi yapo, na chini ya mibuyu kuna kivuli. Saa mbili na nusu uwe umerudi. Wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi, jua halisubiri. Masika nayo inaleta madimbwi yanayoficha mashimo, na kuanguka kwa umri huu si jambo dogo. Ndiyo maana waliofika 65 huhimizwa kufanya pia mazoezi ya kujimudu wasianguke, angalau siku 3 kwa wiki. Simama kwa mguu mmoja ukishika fremu ya mlango, chai ikichemka. Wajukuu wacheke tu.

Siku ya matembezi usivae kitu kipya isipokuwa fulana mliyogawiwa. Kunywa maji kidogo kidogo tangu asubuhi, na mahamri kwa mbaazi yangoje mpaka umalize. Andika jina lako, dawa zako na namba ya mwanao kwenye kikaratasi, ukitie mfukoni. Barabara huenda ikafungwa, kwa hivyo kubalianeni mapema tuktuk itakuchukua wapi.