Urukususu: pima presha kwanza, kisha pima mzizi

Marehemu babu yangu hakwenda kusoma maulidi bila kipande cha urukususu, mzizi mtamu wa dawa, mfukoni. Alikitafuna njiani, akikihamisha shavu hili na lile mpaka kikabaki nyuzi tupu kama mswaki, na akifika sauti imeshalainika. Wengine huuita susu. Hauoti kwetu, huletwa kutoka nchi za joto kavu kama Iran, Syria na Uturuki.

Ukienda kuununua soko la Darajani, Unguja, omba vijiti vizima. Unga mimi siuchukui, kwani ukishasagwa hujui umechanganywa na nini. Kijiti kizuri kina unene wa kalamu ya risasi, ganda la kahawia lililokunjamana, na ukikivunja ndani ni manjano, kinaachana nyuzinyuzi. Kionje. Utamu wake huja taratibu na ukakaa ulimini, na nyuma yake kuna uchungu kidogo. Kiini cha utamu huo hushinda sukari mara 30 hadi 50, kwa hiyo usiongeze sukari wala asali. Chenye ukungu kirudishe. Masika ya kwetu huharibu dawa haraka, hata nyumbani weka kwenye chupa kavu yenye kifuniko.

Kabla hujachemsha maji, kapime presha. Nasema hivi kwa yaliyomkuta shangazi yangu. Tumbo lilimsumbua kwa kiungulia, muuza dawa akamwambia urukususu hauna madhara, anywe apendavyo. Akaanza Rajabu, chupa ya chai nzima kila siku, na vidonge vyake vya presha anameza vilevile. Ramadhani ilipoingia, miguu ilikuwa imevimba hata viatu havimwingii, kichwa kinamgonga, mikono haina nguvu ya kukuna nazi. Nilibonyeza kifundo cha mguu wake kwa kidole gumba, na kishimo kikabaki pale pale. Presha ilisoma 190 kwa 110. Daktari alipomuuliza anatumia nini, akajibu, "Vidonge tu, mwanangu." Urukususu hakuuhesabu kuwa dawa. Mimi ndiye niliyeutaja.

Daktari alitueleza kwa upole. Mwilini kuna homoni iitwayo kotisoli, na figo zina kimeng'enya cha kuizuia isizifanye zishike chumvi. Ndani ya urukususu mna glisirizini, ile ile inayoleta utamu, nayo hukidhoofisha kimeng'enya hicho. Basi chumvi na maji hubaki mwilini, madini ya potasiamu hutoka na mkojo, presha hupanda, misuli hulegea, na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika.

Kwa hiyo mwenye presha, maradhi ya moyo, figo au ini asiuguse. Mja mzito pia. Na anayetumia vidonge vya kukojoza maji, digoksini ya moyo, warfarini ya kuzuia damu kuganda au prednisoloni ya kupunguza uvimbe asianze bila kumuuliza daktari wake.

Ukiwa huna hayo, chukua gramu 2 kwa kikombe. Mimi sikuwa na mizani ya kupima kitu kidogo hivyo, nikapeleka vijiti vyangu kwa sonara. Alinitazama, kisha akanipimia gramu 10, nami nikazigawa mafungu matano kwenye vipande vya karatasi. Tangu hapo jicho langu linakijua kiasi chake. Vitwange kidogo kinuni. Mwagia maji yanayochemka, funika dakika 10, chuja. Rangi itoke ya asali.

Vitabu vya dawa huruhusu vikombe viwili na zaidi kwa siku. Mimi naishia kimoja, na hesabu yangu ni hii: mzizi mzuri una glisirizini asilimia 4 hivi, yaani gramu 2 zina miligramu 80, na wataalamu wa Ulaya wanashauri mtu asivuke miligramu 100 kwa siku. Kunywa baada ya chakula, kwa kikohozi kikavu, koo lililokwaruza au tumbo linalowaka. Wiki nne ndizo ukomo unaotajwa. Mimi huacha baada ya mbili. Kama tatizo bado lipo, hilo ni la hospitali. Na ukiona miguu inajaa, kichwa kinauma au moyo unakwenda mbio, acha siku hiyo hiyo ukapimwe, na ukifika utaje jina la ulichokunywa.

Shangazi aliuacha, akalishwa ndizi na dawa za potasiamu, na presha ikashuka baada ya wiki kadhaa. Siku hizi akipewa mzizi wowote hunipigia simu kwanza: "Hebu njoo uuangalie, mwanangu, kabla sijatia maji."