Kusoma tetradrakma ya Alexander: huyo usoni ni nani?

Karibu kila anayeishika kwa mara ya kwanza sarafu hii ya fedha ya drakma nne, yenye jina la Alexander Mkuu, mfalme wa Makedonia, husema, "Ni Alexander huyu." Usiharakishe, uso uache kwanza.

Hatua ya 1: Pima. Ishike ukingoni, uiweke kwenye mizani ya sonara. Kwa kipimo cha Athens, tetradrakma ina karibu gramu 17.2, iliyochakaa hupungua kidogo. Ukikuta 14 na kitu, fikiria Misri, kwa kuwa Ptolemy wa Kwanza, jenerali wa Alexander aliyetawala huko, alizipunguza uzito sarafu zake. Kagua na ukingo: ukiona mshono, imemiminwa kwenye kalibu, ilhali za kweli ziligongwa kwa nyundo. Usiisugue kwa dawa yoyote.

Hatua ya 2: Igeuze. Zeus, mkuu wa miungu ya Wagiriki, ameketi kwenye kiti cha enzi, tai mkononi, fimbo ndefu upande wa pili. Nyuma yake pameandikwa ΑΛΕΞΑΝΔΡΟΥ, "ya Alexander". Nyingine huongeza ΒΑΣΙΛΕΩΣ, "ya mfalme". Jina hilo halithibitishi kwamba alikuwa hai. Alifariki Babylon mwaka 323 KK, na miji iliendelea kugonga kwa jina lake zaidi ya karne moja. Tazama miguu ya Zeus: ikiwa sambamba, mara nyingi sarafu ni ya mapema, ikipishana, ni ya baadaye. Ila karakana za kugonga sarafu hazikubadilika pamoja, hivyo alama ndogo chini ya kiti na mbele ya Zeus ndizo za kutegemea zaidi. Zilinganishe na PELLA, hifadhidata ya sarafu hizi mtandaoni.

Hatua ya 3: Sasa uso. Kijana asiye na ndevu, amevaa ngozi ya simba, makucha yamefungwa chini ya kidevu: huyo ni Herakles, shujaa wa hadithi za Wagiriki, ambaye wafalme wa Makedonia walidai ni babu yao. Wapo wanaoona sura ya Alexander humo. Mimi huandika Herakles, maana alikuwa kwenye fedha za Makedonia hata kabla Alexander hajazaliwa.

Hatua ya 4: Tafuta pembe. Pembe ya kondoo dume juu ya sikio ni ya Amun, mungu wa Misri, na hapo kweli ni Alexander, aliyefanywa mungu kwenye sarafu za Lysimachos, jenerali wake mwingine aliyekuja kuwa mfalme. Upande wa pili wa sarafu hizo ameketi mungu wa kike Athena. Ngozi ya kichwa cha tembo? Bado ni Alexander, safari hii kwa Ptolemy. Pembe za fahali ni za Demetrius Poliorketes, mfalme wa Makedonia wa baadaye, aliyeweka uso wake mwenyewe akiwa hai.

Hatua ya 5: Andika uzito, kipenyo na alama zote, hata usizozitambua, kisha piga picha pande zote mbili.