Unasomea chuo chumbani? Hivi ndivyo utakavyopata wenzako

Muhula wa kwanza niliumaliza bila kumjua mtu hata mmoja. Darasani tulikuwa majina 83 kwenye skrini. Chuo kiko Nairobi, mie niko Likoni, chumba cha nyuma ya duka la shangazi. Mama akiniuliza, "Rafiki zako wa chuo ni akina nani?" naangalia dari.

Wewe unayeanza sasa, usingoje grupu la WhatsApp likuletee rafiki. Grupu la watu 83 ni kama soko la Kongowea asubuhi, kila mtu anapiga kelele na hakuna anayesikizana na mwenzake. Mkiambiwa mjitambulishe, usiandike "Mombasa" ukaishia hapo. Taja mtaa. Mie nilipotaja Likoni, binti wa Changamwe akaniandikia pembeni papo hapo: "We, unavuka feri kila siku?" Tukaanzia hapo.

Ukimwandikia mtu mara ya kwanza, usimpe "mambo". Atakujibu "poa", na maongezi yamekufa. Muulize kitu chenye jibu: swali la tatu la takwimu, wewe umepata ngapi? Hata nyote mkiwa mmekosea, mna la kuzungumza.

Kisha wekeni siku ya kuonana isiyobadilika. Sisi mwanzo tulikuwa na "tutaonana wiki hii inshallah", na inshallah hiyo ikachukua wiki sita. Sasa ni Jumamosi saa kumi alasiri, bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, chini ya mibuyu. Hakuna anayeulizwa kama anakuja. Asiyekuja anajua wiki ijayo tupo. Pesa isiwe kisingizio, maana feri mwenda kwa miguu halipi, na mihogo ya kukaanga mnachanga. Ila msifungue daftari mara mkifika. Nusu saa ya kwanza iwe ya umbeya tu: nani kaacha kozi, nani kaposwa, mhadhiri gani kasahau kuzima maikrofoni akimgombeza mwanawe. Wanaosomea chuoni nusu saa hiyo wanaipata bure wakitoka darasani. Sisi hatuna mlango wa kutokea pamoja.

Walio mbali wapigieni simu ya kawaida, video inamaliza bando. Mwenzetu mmoja yuko Garissa. Tunampigia Jumamosi hiyohiyo, simu inazunguka mkono kwa mkono, naye anasikia mawimbi na kutulaani.

Nyumbani nako kuna kazi, kwa sababu ukishika simu hakuna anayeamini unasoma. Shangazi alikuwa akiniita nipime unga katikati ya kipindi, mpaka nilipobandika ratiba mlangoni kwa wino mwekundu. Lakini usiipende ratiba hiyo kupita kiasi. Muhula wa pili nilikosa arusi ya binamu yangu kwa ajili ya kipindi ambacho kumbe kilirekodiwa. Kipindi nilikitazama usiku uleule. Binamu hadi leo akinikaribisha chai ananiita "mgeni wa Nairobi".

Kama uko Mombasa na huna kundi, njoo letu. Ukishuka feri upande wa kisiwani, shika kulia ufuate bahari hadi uone mkeka wa kijani. Beba ndimu yako. Muuza mihogo wetu ni bahili wa ndimu.